Swala ya Ghaibu

Katika mikataba yangu miwili kwenye meli ya watalii inayokwenda kusini kabisa mwa dunia, nilikanyaga ardhi ya huko mara moja tu. Nilikuwa mhudumu wa vyumba. Nilikuwa na vyumba 14, mara mbili kwa siku: asubuhi kutandika vitanda, kusugua vyoo na kubadilisha taulo, jioni kufunga mapazia na kuweka chokoleti juu ya mito. Pengwini niliwaona kupitia vioo nilivyokuwa nikivifuta.

Wageni wetu wengi walikuwa wastaafu: madaktari, mawakili, watu waliouza biashara zao. Siku moja mgeni aliacha risiti mezani, nikaona safari ile imemgharimu zaidi ya dola 20,000, yeye peke yake, bila mkewe. Nilisimama na kitambaa mkononi nikizigeuza kuwa shilingi za Kenya. Nikadhani nimeongeza sifuri. Nikahesabu tena.

Walichokuwa wakilipia ni umbali. South Georgia, kisiwa walichokisubiri kuliko vyote, kiko kilomita 1,400 hivi kutoka visiwa vya Falkland. Hakina uwanja wa ndege wala mwenyeji wa kudumu. Mtu hufika kwa meli au hafiki. Milima inapanda kutoka baharini hadi karibu mita 3,000, imejaa barafu, na kwenye fukwe pengwini wafalme wamesimama wengi hadi jicho linachoka kuwatenganisha. Jioni, nikifunga mapazia, wageni walinionyesha picha katika simu zao: sili-tembo dume wa tani tatu akipiga miayo, kinda la albatrosi amekalia kiota cha matope. "Umeona?" waliniuliza. "Nimeona," nilijibu, nikimaanisha picha.

Mimi nilikwenda huko kwa ajili ya figo za baba.

Baba alikuwa karani katika bandari ya Kilindini kwa miaka 31. Alihesabu magunia, makasha na magari ya watu yakiingia na kutoka, na hakuwahi hata siku moja kuwa ndani ya meli ikang'oa nanga. Alipostaafu, sukari ilikuwa imeshamla figo. Ikabidi asafishwe damu mara mbili kwa wiki, na kila wiki ni pesa. Mkataba wangu wa kwanza, miezi sita, ulilipa madeni. Nikakaa nyumbani Majengo wiki saba, nikamwona jinsi alivyopungua, nikasaini wa pili. Nilijua ninachosaini. Siku ya kuondoka alikuwa ameketi barazani na kikombe chake cha kahawa alichokatazwa na daktari. Akaniambia, "Usije ukakatiza kazi kwa ajili yangu. Maiti haingoji meli." Tukacheka, kwa sababu mambo mazito aliyasema hivyo siku zote.

Ujumbe wa dada yangu uliingia saa kumi na moja alfajiri, saa za melini. Mombasa ilikuwa saa nne asubuhi. Ulikuwa ujumbe wa sauti, na kabla sijausikiliza nilishajua, maana dada yangu huandika. "Mdogo wangu, pole. Baba hatunaye. Ameondoka baada ya alfajiri, kwa utulivu. Tunamzika adhuhuri. Usihangaike na safari, usimlilie kwa fujo. Muombee."

Kusafiri kwenyewe kungekuwa vipi? Tulikuwa tumetoka Antaktika siku mbili kabla, na uwanja wa ndege wa karibu ulikuwa Falkland, ambako tungefika baada ya siku sita. Kwetu mtu akifa asubuhi, jioni watu wamesharudi kutoka makaburini. Hata angefia Nairobi na mimi niko Mombasa, ningehitaji kukimbia.

Nilimwambia mkuu wangu wa kazi, mama mmoja wa Kifilipino. Alinishika mkono, akaniambia nipumzike siku nzima. Nikakataa. Ningepumzika wapi? Kabini yangu ilikuwa chini, karibu na maji, haina dirisha, na niliyekuwa nikilala naye alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku, anakoroma. Nikachukua mkokoteni wangu wa taulo nikapanda juu.

Asubuhi hiyo meli iliingia Drygalski Fjord. Fiodi ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu, katika bonde lililochimbwa na barafu kwa maelfu ya miaka, kisha bahari ikalijaza. Kuta zake hupanda wima pande zote mbili. Meli ilikuwa ikienda polepole sana, kimya, maji yakiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa buluu. Juu, mito ya barafu ilikuwa imening'inia milimani kama inataka kudondoka. Ndege weupe pe walikuwa wakizunguka mbele ya miamba myeusi. Sijapata kuona mahali pazuri kama pale, nami nilikuwa nikipaona bila kioo kwa mara ya kwanza, kwa sababu mjane wa chumba cha pembeni aliniita kwenye roshani yake nimpige picha.

Alikuwa mama mwema. Kila siku aliniuliza nimelalaje. Alisimama na kofia yake nyekundu, akaniambia nihakikishe barafu inaonekana yote. Nikapiga. Akaangalia, akasema nywele zimemfunika uso, nipige nyingine. Juu ya kioo cha simu saa ilikuwa imeandikwa, saa mbili kamili asubuhi. Nikajumlisha tano. Saa saba mchana Mombasa. Swala ya adhuhuri imeshaswaliwa. Jeneza liko njiani kwenda Kikowani, linapokezanwa mabegani, na katika mabega yale langu halimo. "Moja ya mwisho," alisema. Nikapiga ya mwisho. Aliporudishiwa simu yake, alitazama mlima, akatazama sare yangu, akasema kwa moyo wake wote, "Una bahati wewe. Unaishi huku."

Nikamjibu ndiyo. Kisha nikaingia bafuni kwake kubadilisha taulo, nikafungulia maji.

Jioni nilishuka chumba cha kufulia. Kijana mmoja kutoka Java alikuwa akikunja mashuka. Tulikuwa tukifuturu pamoja mwezi wa Ramadhani, katika mkataba wa kwanza. Nilimwambia. Hakusema mengi. Aliniuliza, "Nyinyi si Shafi?" Nikasema ndiyo, pwani yetu yote. Akasema kwao pia. "Basi unaweza kumswalia ghaibu. Mimi nitasimama nyuma yako."

Nilikuwa nimesahau. Swala ya jeneza kwa maiti asiyekuwepo mbele yako: nilifundishwa madrasa nikiwa mdogo, sikuwahi kuona ikihitajika. Waliotufundisha hawakuwaza kijana wa Majengo aliyekwama kwenye barafu. Au pengine waliwaza. Watu wa pwani wamekuwa wakienda baharini siku nyingi.

Ningeweza kuiswali pale pale kati ya mashine. Lakini mkuu wangu alikuwa ameshanisemea kwa kiongozi wa matembezi, na kesho yake, Grytviken, nilipewa nafasi katika mashua ya mpira pamoja na yule wa Java. Kisiwani idadi ya wanaoshuka ufukweni kwa wakati mmoja ina kikomo, kwa hiyo nafasi mbili si jambo dogo.

Kabla ya kushuka tulikaguliwa. South Georgia ilihangaishwa na panya walioletwa na meli kwa zaidi ya karne moja, wakila mayai na makinda, hadi walipoangamizwa kwa sumu iliyomwagwa kwa helikopta. Mwaka 2018 kisiwa kikatangazwa hakina panya. Sasa mbegu moja ya nyasi iliyokwama kwenye soksi ni kosa. Tulifyonza mifuko ya majaketi kwa mashine ya vumbi, tukachokoa nyayo za mabuti kwa sindano, tukakanyaga beseni la dawa. Tena, kwa kuwa homa ya ndege ilifika kisiwani mwaka 2023, tukasomewa masharti mengine: kaa mita 5 kutoka kwa mnyama yeyote, usikae chini, usipige magoti, usilaze kitu chochote ardhini.

Yule wa Java alinitazama. Nadhani tulifikiri jambo moja kwa wakati mmoja. Swala ya jeneza haina rukuu wala sijida. Takbira nne, kwa kusimama, na salamu. Tulikuwa tumeshatia udhu, na mabuti yangu hayajapata kuwa safi kiasi kile.

Grytviken ilikuwa kituo cha kuvulia nyangumi, kilichoanzishwa na Mnorwe Carl Anton Larsen mwaka 1904. Matangi ya mafuta yamebaki, yameliwa na kutu, na mashua za kuwindia zimelala pwani. Katika vituo vya kisiwa hiki nyangumi zaidi ya 175,000 walichunwa na kupikwa mafuta ndani ya miaka 60 hivi, kisha nyangumi wakaadimika na kazi ikafungwa. Kuna kanisa dogo jeupe ambalo wale wafanyakazi walijijengea mwaka 1913. Nililitazama kwa muda. Kuna watu walikuja hapa kufanya kazi chafu kwa ajili ya mishahara ya kupeleka nyumbani. Hakuna aliyewapigia picha albatrosi.

Makaburi yako ng'ambo ya ghuba, yamezungushiwa ua ili sili wasiingie. Wavuvi wengi wamezikwa humo, lakini wageni huja kwa mmoja: Ernest Shackleton, mpelelezi wa Antaktika, aliyekufa kwa moyo ndani ya meli yake katika ghuba hii hii tarehe 5 Januari 1922. Nilikuwa nimesikia habari zake kwenye spika za korido wakati wa mihadhara. Mwili wake ulishapelekwa hadi Montevideo ukirudishwa Uingereza, ndipo mkewe, Emily, akatuma neno kwamba arudishwe akazikwe South Georgia. Alizikwa Machi, miezi miwili baada ya kufa. Miezi miwili! Baba hakufika saa nane.

Wageni wetu walisimama kulizunguka kaburi, kila mmoja na kikombe kidogo cha wiski. Wakasema maneno machache, wakanywa, wakamwaga kiasi juu yake. Sikuwacheka. Wametoka mbali kumzuru maiti wasiyemjua, na mimi wa kwangu sikumfikia.

Tulibaki nje ya ua. Mombasa kibla ni kaskazini, karibu barabara. Pale, kwa dira ya simu, kilikuwa mashariki, kimeinama kidogo kaskazini. Tukaelekea maji. Nikatangulia, yeye akasimama nyuma yangu. Sili mmoja mchanga alikuwa amelala mbele yetu kwenye nyasi, na nikasogea kando nikihesabu hatua hadi nilipoamini ni mita 5. Nikainua mikono.

Takbira ya kwanza, Fatiha. Ya pili, kumswalia Mtume. Ya tatu ndiyo ya kumuombea maiti, na hapo sauti ilinikatika, nikangoja irudi. Nyuma yangu kimya, na upepo. Ya nne, salamu. Haikuchukua dakika tano. Yule sili alifumbua jicho moja, akalifumba.

Kwenye mashua nilikaa karibu na yule mjane wa kofia nyekundu. Akafurahi kweli kuniona. Akaniuliza nimependa nini zaidi. Nikamwambia makaburi. Akaitikia kwa kichwa na kusema, ndiyo, Shackleton. Nilikaribia kumwambia. Lakini angehuzunika, angetafuta maneno, angeongeza bahashishi, na safari yake ilikuwa nzuri. Tulipofika melini tukasugua tena udongo wote uliobaki kwenye mabuti.

Mkataba uliisha miezi mitatu baadaye. Dada yangu alinipeleka Kikowani asubuhi mapema kabla ya jua. Kaburi lilikuwa limeshatulia, udongo umeshikana, na paka amelala kwenye kivuli cha kaburi la jirani. Kwetu kila anayezika hutupa udongo mara tatu kwa mikono. Nikachutama nikauchota.

"Hiyo ni siku ya kuzika," dada alisema taratibu. "Imeshapita."

"Najua," nikasema.

Hakunizuia. Nikatupa mara tatu, tukasoma Fatiha, tukarudi nyumbani kwa miguu. Mkono nilikuwa sijaukung'uta.