Sanduku Lisiloungua

Kwetu Wiyoni nyumba za makuti ni nyingi. Moto ukizuka, vyeti huenda na paa. Ndiyo maana picha za vyeti vyetu zimo katika kompyuta ya kaka, Mombasa. Nikizihitaji, nafungua dirisha la mafaili, naandika sftp:// na anwani yake, natia neno la siri. Folda zajipanga kama zi hapa hapa. Njiani kila kitu hupita kwa fumbo, kwa njia ya SSH aliyoibuni Tatu Ylönen wa Ufini mwaka 1995, baada ya wezi kunasa maneno ya siri mtandaoni chuoni kwake.

Mara ya kwanza kompyuta huonyesha alama ya ufunguo na kuuliza kama waiamini. Usiitikie tu, jamani! Mpigie simu mwenye kompyuta, mlinganishe herufi kwa herufi. Huenda aliyeitika hodi si yeye.