Nasaba Juu ya Meza ya Duka

Mtoto wa ndugu yangu, aliyezaliwa Muscat na ambaye huletwa Msuka kila likizo ili asije akasahau kwao, aliniambia mwaka huu, si kwa utovu wa adabu bali kwa yakini ya mtu aliyekwisha kulihakikisha jambo, kwamba Pemba haikupata kuwa na wafalme. Na nilipomwuliza elimu hiyo kaipata wapi, akaifunua kompyuta yake akanionyesha ramani. "Tazama, ami," akasema, "nchi zashuka mpaka pwani ya Wasomali, kisha basi."

Mchezo wenyewe waitwa Crusader Kings, nao hutengenezwa Stockholm na kampuni ya Paradox. Mchezaji hujichagulia mtawala mmoja katika zama zilizo baina ya 867 na 1453, akamwoza, akamzalisha, akamtia vitani na katika hila za kila namna. Mtawala akifa, mchezaji huendelea kwa nafsi ya mrithi wake, na akikosekana mrithi wa damu hiyo, mchezo umekwisha. Siuchukii. Kaka yake kijana huyu ndiye aliyetangulia kuja na toleo la pili, lililotoka Februari 2012, ambalo ndani yake Waislamu walikuwamo kwenye ramani lakini hawachezeki, mpaka Juni ya mwaka ule ule kilipouzwa kipande cha ziada kilichowaruhusu masultani nao kuongozwa. Nilikaa nyuma ya kiti chake usiku mwingi, nikafurahi kuwaona Waibadhi wa Oman wametengewa madhehebu yao, nikacheka nilipoambiwa kwamba mkubwa wa dola mwenye wake pungufu ya cheo chake hushuka heshima. Hayo hawakuyabuni watu wa Stockholm. Mimi niliyasikia kwenye duka, nikali mtoto nisiyefikia meza.

Mwenye duka lile alikuwa nahodha aliyeachana na bahari. Ukiingia ulipokewa kwanza na harufu: mafuta ya taa yaliyovuja kwenye debe, papa mkavu aliyening'inizwa mlangoni, na juu ya yote hayo karafuu, maana msimu ukiwadia majamvi yalitandazwa mpaka kizingitini na mteja akapita kwa kuvuka upande. Sukari aliipima kwa mizani ya mawe, akaimimina katika karatasi aliyoipinda kwa mkono mmoja bila kuitazama, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwa wazee waliokaa barazani, ambao kwao alikuwa hajamaliza habari ya jana.

Habari ile aghalabu ilikuwa ya Mkama Ndume, Muhammad bin Abdulrahman, aliyejenga ngome ya Pujini katika karne ya 15 na kuwalazimisha raia wabebe mawe huku wakijiburura kwa makalio. Nahodha alichota konzi ya karafuu akaipanga juu ya meza: hii Mkama Ndume, hizi mbili wakeze, hii Harun, ambaye kaburi lake liko Chwaka upande wa Tumbe. Hapo hubishana. Mmoja husema Harun ni mwana, mwingine husema ni mjukuu, na karafuu ikasogezwa chini na kurudishwa juu mpaka adhana ya magharibi. Kisha ikafuata hadithi ya wale wake wawili wenye wivu, waliokatiwa kisima kwa ukuta ili mmoja ateke kwa ndoo na kamba na mwenziwe ashuke kwa ngazi wasionane, na kila mzee alikuwa na hukumu yake juu ya mume wa namna ile, na hukumu nyingine zilielekezwa waziwazi kwa mtu aliyekuwa amekaa palepale. Baada ya hapo nahodha aliifagia nasaba yote kwa kiganja, akairudisha guniani, kwani karafuu haikuwa mali ya kupotezwa kwa ajili ya wafalme.

Miaka iliyofuata wasomaji waijua. Duka lilifungwa, nahodha akafa, na palipokuwa na baraza pana banda la kutazamia mpira, ambamo kelele ni nyingi na hakuna anayeulizwa baba yake nani. Umeme wa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga ulifika mwaka 2010, simu zikaenea, na vijana wetu wakaanza kuwatawala Waseljuki.

Kinachoniudhi ni kwamba ushahidi wanaukanyaga. Pale Msuka Mjini, katika mihirabu ya msikiti uliobomoka, imechorwa tarehe ya 816 Hijria. Vitabu huandika 1414. Nimehesabu, mwaka ule ulianza Aprili 1413 ukaisha Machi 1414, basi waliosema 1414 wameushika mkia, na tuwaachie. Kwa hesabu yoyote ni ndani ya mchezo. Na Mtambwe Mkuu mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa pwani hii kama Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za dhahabu ambazo ya mwisho wake ni ya 1066, mwaka ambao mchezo humpa mchezaji khiari ya kuanzia.

Nilimpeleka kijana msikitini. Akaipiga picha ile tarehe, akanyamaza kitambo, kisha akaniambia kuwa wako wachezaji wanaojiongezea nchi zisizokuwamo, naye angependa kuitia Pemba, bora nimpe watu. Nikampa Ali bin al-Hasan, nikampa Mkama Ndume na Harun, na suala la mwana au mjukuu nikamwachia aliamue mwenyewe, maana wazee walishindwa. Akaniomba majina ya wale wake wawili wa kisimani. Nimeuliza Msuka, nimeuliza Konde na Tumbe, na kila mtu ananisimulia ndoo na ngazi. "Haiwezekani, ami," asema kijana, "mke hatiwi mchezoni bila jina."