SEHEMU YA 5: Injini imetengenezwa, imekufa tena. Unadai vipi haki yako gereji?

Leo naweka pembeni uji wa lishe na chanjo. Kuna mwenzetu kaniandikia kwamba gari lao limetengenezwa injini, halijamaliza mwezi limezima tena, na fundi hapokei simu. Yalinikuta mwaka jana, kwa hiyo soma taratibu, na baba watoto mpe asome pia.

Kwetu gari si anasa. Mwanangu wa pili ana selimundu. Mwenye mtoto wa selimundu anajua, homa ikigonga 38.5 hakuna kusubiri asubuhi, ni hospitali saa hiyo hiyo. Ndiyo maana injini ilipochemka nilitoa hela yangu ya kikoba, Sh 920,000, nikalipa gereji. Wakasema gasketi ya silinda hedi imeungua, wanabadilisha, na hedi wanaipeleka kuchongwa.

Siku ya 19 gari likachemka tena. Moshi mweupe nyuma, na ukifungua kifuniko cha oili unakuta kitu kama chai ya maziwa. Hapo ujue maji yameingia kwenye oili. Zima, usiendeshe hata hadi kona ya pili.

Nikuelezee kidogo ili usidanganywe. Gasketi hiyo inakaa kati ya hedi na bloku, inazuia moto, maji na oili visichanganyike. Injini ikichemka sana, hedi inaweza kupinda. Fundi anatakiwa aipime kwa rula iliyonyooka, na kama imepinda ichongwe mashineni kabla ya kufunga gasketi mpya. Halafu atafute kilichofanya injini ichemke: rejeta imeziba? Feni haizunguki? Pampu ya maji imechoka? Akibadilisha gasketi tu akaacha chanzo, ni sawa na kumpa mtoto panadol kila siku bila kumpima malaria. Homa itarudi.

Na hapa naongea kama nesi: gari likichemka, USIFUNGUE kifuniko cha rejeta likiwa la moto. Maji yanaruka na presha, yanaunguza uso na kifua. Watoto wakae mbali. Mtu akiungua, mwagia maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, vua nguo na pete zilizo karibu (kilichogandia kwenye ngozi kiache), funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali. Hakuna dawa ya meno, hakuna yai, hakuna asali.

Sasa turudi gereji. Bosi akaniambia, "Sista, gari la zamani halina garantii. Mwambie shemeji aje tuongee." Nikamjibu shemeji yuko kazini, aliyelipa ni mimi na risiti ina jina langu. Sikupiga kelele. Kazini tunafundishwa kwamba kisichoandikwa hakijafanyika, basi nikaenda kuandika. Nilifanya hivi:

1. Nilipiga picha: namba ya kilomita kwenye dashibodi, ile oili, moshi, risiti. Sikuruhusu mtu yeyote afungue injini kwanza.

2. Nilitafuta fundi wa pili asiyejuana na wa kwanza, kama unavyotafuta daktari wa pili. Alifungua mbele yangu na akaniandikia alichokuta kwenye karatasi, akasaini. Hedi haikuwa imechongwa kabisa, wakati risiti ilionyesha nimelipia Sh 150,000 ya kuchonga. Na feni ya rejeta ilikuwa haizunguki.

3. Niliandika barua ya madai ya ukurasa mmoja: tarehe, kilomita, nilicholipia, kilichokutwa, ninachotaka, na siku 7 za kujibu. Nakala mbili. Moja waliipokea, nyingine wakanisainia kuwa wameipokea.

4. Mwishoni nilitaja nitakapokwenda wakikataa. Tume ya Ushindani (FCC) inapokea malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Na kuna Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili.

Siku ya tano bosi akapiga simu mwenyewe. Tulikubaliana arudishe ile 150,000, anunue gasketi nyingine, hedi ichongwe kweli nione, na ufundi asinitoze. Feni nilinunua mimi, maana haikuwa kwenye kazi ya kwanza. Haki ni ya pande mbili jamani.

Lakini katikati ya hayo, usiku mmoja saa nane mtoto alishikwa na homa, na gari lilikuwa juu ya mawe. Tulikwenda kwa bajaji, mimi nimemfunika kwa kanga mbili. Alipona, namshukuru Mungu. Ila ile 150,000 "ndogo" niione tu kama hela? Hapana. Ilikuwa ni usafiri wa mwanangu.

Kwa hiyo kabla hujatoa advansi gereji yoyote, omba vitu vinne: makadirio ya maandishi yanayotenganisha spea na ufundi, garantii iliyoandikwa kwa siku au kilomita, spea za zamani urudishiwe mkononi, na risiti ya EFD. Fundi mwaminifu hakasiriki ukiviomba. Akikasirika, beba funguo zako uondoke.

Na usimtangaze mtu mtandaoni kwa hasira. Mimi gereji siitaji hapa. Karatasi zilitosha.

Nani limemkuta hili? Andika hapo chini, tusaidiane. Jumapili ni Sehemu ya 6: mtoto anayetapika kwenye gari, nini cha kumpa na nini usimpe.