Tarumbeta ya Kraków
Atakayefika Kraków, katika nchi ya Polandi, asikimbilie kwanza ngome ya wafalme kilimani Wawel. Sisi tulianza na uwanja wa soko, ambao kila upande wake ni mita 200 hivi. Saa ilipotimia, tarumbeta ililia juu ya mnara wa kanisa la Bikira Maria. Mara ikakatika katikati ya wimbo. Tulidhani mpigaji amepatwa na jambo. Kumbe ndiyo desturi! Wazee husimulia kwamba mwaka 1241 mlinzi aliyewaonya watu juu ya Watatari alichomwa mshale kooni. Leo wazima-moto hupiga wimbo huo kila saa, usiku na mchana, kwa pande zote nne.

Kanisani tulisimama kitambo kirefu mbele ya altare ya mti, kazi ya Wit Stwosz, iliyochongwa tangu 1477 hata 1489. Bikira Maria analegea kati ya Mitume, nao mikono yao ina mishipa kama ya wakulima. Wakati wa vita watu wa Hitler waliichukua kwao Ujerumani. Ikarudi Polandi mwaka 1946, na mahali pake kanisani mwaka 1957. Bibi mmoja mzee alikuwa amepiga magoti karibu nasi, akisali rozari, macho ameyafumba. Sisi tulikuwa tungali tukiwahesabu Mitume.