Mtihani wa Mikono

Kalamu yaweza kumhadaa mtahini, lakini mikono haina maneno mazuri ya kujifichia. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 yataka kila muuguzi aandikishwe na Baraza na kupewa leseni kabla ya kushika kazi. Mimi nilisoma Korogwe na kufanya mazoezi ya wodini Handeni, na katika majuma ya mwisho wenzangu nami tuligeuza bweni kuwa wodi. Mto wa kulalia ulikuwa tumbo la mama, kanga iliyokunjwa ilikuwa mtoto, na simu ilikuwa kengele ya kumhamisha mtahiniwa kituo hata kituo, awe amemaliza au hakumaliza.

Kunawa mikono hutangulia karibu katika kila kituo, na wengi hukudharau, kwa kuwa kila mtu hudhani alikujua tangu utotoni. Viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, vidole gumba, ncha za vidole: kwa sabuni na maji, kazi nzima huchukua sekunde 40 hadi 60. Korogwe, ambako Mto Pangani hupita, sekunde hizo ni nyepesi. Handeni ni nchi kavu. Maji yake hutegemea bomba litokalo mto huohuo, na bomba likinyamaza watu hununua kwa ndoo. Huko nilinawa kwa kopo moja, mwenzangu akimimina kidogo kidogo, wala nisiruke kidole. Kwa maoni yangu kopo lile lilikuwa mwalimu mkali kuliko bomba.

Kituo tulichokiogopa kilikuwa cha mtoto asiyelia. Mtahiniwa hupewa mwanasesere, vitambaa vikavu, chombo cha kuvutia ute, na mfuko wa kupumulishia wenye barakoa. Amkaushe, amtie joto, amsugue mgongo. Asipopumua, aanze kumpumulisha kabla dakika ya kwanza haijatimia. Utafiti wa hospitali 8 za Tanzania, uliotangazwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa baada ya wakunga kufundishwa hatua hizi, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Sijapata kuona hesabu nyingine iliyotoka waziwazi namna ile katika mikono ya watu.

Usiku mmoja Handeni alizaliwa mtoto kimya. Sista alimkausha, akamsugua, akaiweka barakoa usoni pake, akaniambia, “Mwanangu, hesabu kwa sauti, mama asikie kuwa tupo.” Nikahesabu. Kifua kidogo kilipanda na kushuka kwa nguvu za mkono wa Sista. Nilikuwa nimepita thelathini mtoto alipokunja uso kama aliyeudhiwa, akalia. Mama naye akalia.

Siku ya mtihani, nilipofika kituo kile, nilinawa. Nikamwamkia mama asiyekuwapo, nikamtajia jina langu, kengele ikalia, nikaanza kuhesabu kwa sauti.