Koti la Tengeru

Koti nililonunua soko la Tengeru siku ya Jumamosi lilikuwa zito kama debe la kahawa. Muuza mitumba aligeuza ndani nje ili nione bitana, nami nikaona kitambaa kidogo chenye maandishi ya Kijerumani. Miezi sita ya masomo ya jioni ilinitosha kuyasoma: lisifuliwe kwa mashine. Nikacheka peke yangu. Koti lilitoka kwao, likafika kwetu chini ya Mlima Meru, na sasa lilikuwa likirudishwa na mvaaji mwingine.

Nilikuwa nimeitwa kwenda Leipzig kwa miaka mitatu, kutumika katika sharika za huko. Watu walionipongeza pale Akheri walisema, "Sasa na sisi tunalipa." Walikuwa na maana ya wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, na hasa vijana wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliouawa hapa kwetu usiku mmoja wa Oktoba 1896, pamoja na Wachagga kadhaa waliofuatana nao. Makaburi ya wawili hao yako Akheri. Nikiwa mtoto wa Shule ya Jumapili nilikwenda pale na wenzangu kufagia majani.

Lakini nyumbani kwetu habari hiyo haikuishia makaburini. Babu alizoea kusimulia yaliyofuata: jinsi Kapteni Johannes alivyokuja na askari wake na wapiganaji wa Kichagga, wakaua watu, wakaharibu migomba, wakaswaga ng'ombe. Misheni ilirudi mwaka 1902, ikajenga Nkoaranga, na Wameru wakabatizwa. Kuna jambo moja ambalo babu alilisema mara moja tu, akiwa kitandani mgonjwa: kwamba baba yake alikuwa miongoni mwa vijana wenye mikuki usiku ule. Hakuna aliyemwuliza zaidi. Akageukia ukutani.

Nilitakiwa kuandaa hotuba fupi kwa usharika ambao ungenipokea. Niliandika ya kwanza, shukrani tupu, na mzee mmoja wa kanisa akaifurahia. Nikaandika ya pili, yenye migomba, ng'ombe na baba yake babu. Aliisoma polepole, akavua miwani.

"Mwanangu, mgeni haanzi kwa kudai."

"Sidai, mzee. Nataka wajue wanampokea nani."

Hakunijibu. Alinirudishia karatasi zangu akaniuliza habari za mama.

Hapo alinigusa penyewe. Mimi ni kitinda mimba. Nyumba na kihamba vilikuwa vimeachwa mikononi mwangu. Dada zangu wameolewa, kaka yuko Mwanza. Nani angepunguza matawi ya kahawa, nani angekata majani ya ng'ombe? Kwa wiki nyingi nililikwepa jambo hilo nikijificha nyuma ya fomu, picha za pasipoti, chanjo na safari ya basi kwenda ubalozini Dar es Salaam. Ndugu msomaji, mtu anaweza kujishughulisha sana na maandalizi ili tu asikae na mama yake.

Usiku wa mwisho alipika loshoro. Nilimweleza kwamba mpwa wangu angehamia pale mwezi huohuo. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba alikwisha kulipanga yeye mwenyewe, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Kisha akauliza:

"Wale vijana wa pale makaburini, walikuwa na mama?"

"Bila shaka, Mama. Ovir alizaliwa Estonia, mbali zaidi hata ya Ujerumani."

"Mama yake alipata habari lini?"

Nilikuwa nimesoma habari za vijana wale tangu utoto, na swali hilo halikuwahi kunijia. Nilisema barua za siku zile zilikwenda kwa meli.

"Kwa hiyo kuna siku alizomwombea na mwenzake amekwisha kuzikwa."

Hatukusema kitu kwa muda. Aliniambia nilete lile koti. Alilipapasa mifukoni, akakuta hotuba zote mbili, akazirudisha bila kuzifungua. Kifungo cha juu kilikuwa kimelegea. Akatafuta sindano, akakishona kwa uzi mweusi, akaukata kwa meno.

"Umelipa ngapi?"

"Elfu ishirini."

"Wamekuibia," alisema, akanivalisha ili aone mikono kama inatosha.