Bustani Haifuati Mwezi

Kazi ya mapambo ya maua hapa Unguja ina kalenda mbili, na hazijapata kupatana. Harusi, Idi na Maulidi hufuata mwezi. Asumini, mrehani na mkadi hufuata mvua na jua. Mwaka wa mwezi umepungua siku 10 au 11 kwa ule wa jua, kwa hiyo sikukuu zinarudi nyuma kila mwaka, mpaka ipite miaka 33 hivi ndipo zinarejea pale pale. Mimi nimeuona mzunguko mzima. Nilipoanza kazi, mwaka 1990, Maulidi yalikuwa mwanzoni mwa Oktoba. Mwaka 2023 yakawa mwishoni mwa Septemba. Hapo katikati nimepamba katika kipupwe, katika masika na katika jua kali la kaskazi, na wateja hawakuacha kuniuliza mbona safari hii maua machache.

Nilifunzwa na bibi yangu mzaa mama, Jang'ombe, kwenye ua wenye kisima, mlangilangi mmoja na asumini zilizopandwa ukutani. Asumini huchumwa baada ya sala ya alasiri, ikiwa bado tumba. Ukichuma asubuhi utapata ua lililokwisha kazi yake usiku. Ukingoja magharibi, limeshafunguka na linachanika mkononi. Tumba zuri ni lile lililonenepa likawa jeupe pepepe. La kijani liache, halitafunguka. Sindano hupitishwa kwenye kikonyo, chini kidogo ya pale ua linapoanzia. Ikipita juu zaidi, ua linageuka rangi ya chai kabla bibi harusi hajatoka chumbani. Uzi ni wa pamba, wa kukunja mara mbili. Koja likiisha hulazwa ndani ya jani la mgomba na kufunikwa kitambaa kilichokamuliwa maji. Ikifika isha matumba yote yanafunguka pamoja, na hapo ndipo mteja anapokiona alicholipia.

Kikuba kina mambo yake. Vipande vya mkadi vilivyochanwa vyembamba, vijitawi vya mrehani, ua la mlangilangi, waridi likipatikana, na asumini juu, vyote hufungwa pamoja kiasi cha kubanwa kwenye nywele au kifuani. Siku hizi wako wanaokinyunyizia manukato ya chupa. Mimi sinyunyizii, na anayetaka hivyo namwelekeza kwengine.

Miezi ya pesa ni Shaaban, watu wanapokimbilia kuoza kabla ya Ramadhani, na Mfungo Mosi, Idi ikishapita. Mfungo Sita una kazi ndogo ndogo lakini nyingi, kwa sababu maulidi husomwa nyumba hii na ile: sinia la asumini na mrehani katikati ya mkeka, chetezo cha udi pembeni, na mrashi ukipita mkono kwa mkono.

Taabu ilikuja Maulidi yalipoingia katika masika. Mwaka 2002 yalikuwa mwishoni mwa Mei, na miaka kadhaa baada ya hapo hayakutoka kwenye mvua. Mvua kubwa ikipiga usiku, asubuhi matumba yako chini, na yaliyobaki juu yana madoa. Bibi alikuwa ameshafariki, na yeye mwenyewe hakuwahi kunieleza afanyeje, labda kwa kuwa zamani watu waliridhika na kilichopo. Wateja wangu hawakuridhika. Nikaanza kutafuta vitu visivyoogopa mvua. Mrehani hustawi. Mchaichai hauna neno. Juu ya vyote nikaliona kuti.

Nilikwenda Kizimbani kuwatazama vijana wa ziara za viungo, wale wanaowasukia watalii kofia, tai na vikapu vya makuti huku wakiendelea kuzungumza. Mmoja alikubali kunifundisha. Alichokazania kwanza hakikuwa kusuka. Alisema, "Mama, kuti changa ulitakalo ni lile lililosimama katikati, bado halijafunguka. Lakini mwambie mkwezi wako akate juu. Akiligusa shaha, mnazi umekwisha." Kuti hilo lina rangi kama ya siagi na halivunjiki likikunjwa. Nikasukia mapazia ya milangoni, vizingiti vya harusi vya kuwekwa kati ya migomba miwili, na masinia yenye maua machache tu. Hayo maua machache yalionekana zaidi kuliko yalipokuwa mengi. Nathubutu kusema kazi yangu bora niliifanya miaka ile ya uhaba.

Mwaka 2015 ulikuwa na vituko vyake. Maulidi yalikuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena Desemba, yakaangukia wiki moja na Krismasi. Hoteli moja ya pwani ya mashariki ilitaka mashada ya kutundika milangoni, na wageni wake walitaka kitu cha kuwakumbusha kwao. Niliwatengenezea ya mvinje, na vitunda vyake vidogo vyenye miba nikavifunga pamoja na vijiti vya mdalasini na karafuu kavu. Maganda marefu ya mkrismasi nikayatundika kama njuga. Mvinje hukauka upesi, basi kila baada ya siku chache ilinibidi kubadilisha, na jioni nikarudi mjini kutunga makoja ya Maulidi. Wa maulidi walinilipa usiku ule ule. Hoteli ilinizungusha mpaka masika.

Maua ya plastiki hayajaniua, ingawa yamenipunguza. Hayana msimu, na hilo ndilo watu wanalolipenda. Kinachoniua hasa ni saruji. Nyua za Ng'ambo nilizokuwa nikinunua asumini zimesakafiwa moja baada ya nyingine, na muuzaji wangu wa uhakika sasa ni bibi mmoja wa ghorofani Michenzani, aliyepanda kwenye madebe na kuyapanga barazani kwake. Ua lake ni dogo, lakini harufu ni ile ile.

Kwa hesabu yangu, kati ya 2035 na 2039 Maulidi yatarudi ndani ya masika. Wakati huo mikono yangu itakuwa imechoka, na atakayepamba atahitaji kila tumba atakalolipata. Basi wewe mwenye ua, fundi akija kumwaga zege mwambie abakishe shimo moja karibu na bomba. Asumini hushika kwa kipande cha tawi. Kwangu vipande vipo, na siviuzi.